Mwanafunzi wa Chuo Akipotea: Namna ya Kumtafuta Kuanzia Malindi Hadi Amu

Mwanafunzi asipojulikana alipo tangu jana, taarifa ifike polisi leo. Wengi Malindi na Lamu (Amu) wanaamini lazima zipite saa 24 kwanza, na wakati mwingine afisa aliye kaunta ndiye anayewaambia hivyo. Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo. Saa 24 zilizotajwa kwenye kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 ni jambo jingine kabisa: zinahusu mtu aliyekamatwa, kwamba afikishwe mahakamani kabla muda huo haujaisha. Familia ikirudishwa nyumbani kungoja inapoteza usiku mzima ambao picha za kamera bado hazijafutika, karatasi za basi bado zipo na watu bado wanakumbuka. Ukikataliwa kaunta, omba kwa adabu kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo, na useme unataka taarifa iingie kwenye kitabu cha matukio, kiitwacho OB. Kuandikisha OB ni bure.

Lakini kabla ya kutoka nyumbani, kaeni nusu saa na karatasi. Nusu saa hiyo huokoa siku nyingi.

Andikeni mara ya mwisho ya kijana, na hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu "mara ya mwisho" huwa tatu na watu huzichanganya. Kuna mara ya mwisho alipoonekana kwa macho, kuna mara ya mwisho sauti yake iliposikika, na kuna mara ya mwisho ujumbe ulipotoka kwenye simu yake. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote aliyeishika simu. Mama akisema, "Nilizungumza naye Jumanne," muulizeni taratibu: alimsikia, au alisoma maandishi? Kisha fungueni simu ya mama mtazame saa yenyewe. Mara nyingi Jumanne ile inageuka kuwa maandishi tu, na sauti ilisikika Jumapili. Siku mbili hizo zinabadilisha msako wote, kwa maana huenda mnamuulizia Malindi mtu aliyeondoka tangu Jumatatu asubuhi.

Ujumbe wa M-Pesa ni shahidi mzuri. Mliomtumia pesa, mlituma saa ngapi na pesa ngapi? Yeye akimtumia mtu, jina na saa vimo kwenye simu ya mpokeaji. Kusanyeni hizo kutoka kwa ndugu, marafiki na mwenye nyumba, mziweke kwa mpangilio wa saa. Ongezeni laini zake zote. Wanafunzi wengi wana laini mbili, na ile ambayo wazazi hawaijui ndiyo mara nyingi iko hewani. Tafuteni boksi la simu: pembeni kuna namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na wachunguzi wanaweza kuitumia kufuatilia simu hata laini ikibadilishwa. Nguo alizovaa, viatu, begi, kovu, jino lililovunjika, dawa anazokunywa kila siku. Kama ana kifafa, pumu, sukari au maradhi ya akili, hilo liandikwe juu kabisa. Usilifiche kwa kuona haya, kwa sababu ndilo linaloamua kama atatafutwa kwanza hospitalini au stendi.

Sasa kituoni. Mwanafunzi wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, anayesoma Kilifi ana vituo viwili: kile cha karibu na mahali alipoonekana mwisho, na kile cha nyumbani. Andikisheni vyote viwili, na kila kimoja kipewe namba ya OB ya mwenzake. Uchunguzi hufanyika pale alipoonekana mwisho, kwa hiyo mkiandikisha Faza peke yake, faili italala Faza. Ondokeni na namba ya OB, tarehe, jina la afisa aliyepewa kazi na simu yake. Peleka picha mbili, moja ya uso na moja ya mwili mzima, zote za karibuni. Picha ya studio ya siku ya Idi, amevaa kanzu na kofia, haimfai mtu anayemtafuta kijana wa jinzi na rasta. Maelezo yakishaandikwa, yasome kabla ya kutia sahihi. Kama hujui kusoma Kiingereza, omba usomewe kwa Kiswahili. Ni haki yako, na makosa ya tarehe huingia hapo.

Kwa aliye chini ya miaka 18, na wapo wengi kwenye vyuo vya ufundi, piga pia 116, simu ya bure ya watoto. Ukiwa na habari za siri ambazo hutaki kuzipeleka kituo cha mtaani, DCI, idara ya upelelezi wa jinai, wana 0800 722 203, nayo ni bure.

Chuoni

Usianzie kwa mkuu wa chuo. Anzia kwa aliyelala naye chumba kimoja, mlinzi wa geti, mama wa kibanda anakokula kwa deni, na kiongozi wa darasa. Muulize kiongozi wa darasa maswali mawili tu: alifanya CAT ya mwisho, yaani jaribio la ndani ya muhula? Na je, alijisajili masomo ya muhula huu? Jibu la pili huwashtua wazazi kuliko lolote. Kijana aliyekuwa akiaga kila Jumapili kwamba anarudi chuo huenda hakusajiliwa muhula mzima, kwa sababu karo haikutimia, au alifeli akaona aibu kusema, au pesa ya karo iliingia kwenye kamari ya simu. Hapo msako unabadilika: huenda mnamtafuta mtu aliyejificha, wala si mtu aliyedhuriwa.

Marafiki hawatasema kitu mbele ya baba. Wanaogopa kumsaliti mwenzao, na baadhi wanaogopa kuingizwa kwenye kesi. Mpeleke dada au binamu wa rika lao, na awaambie wazi kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Anapouliza, aulize kuhusu ahadi za kazi: kazi ya kompyuta Thailand, kazi ya hoteli Ghuba, tiketi imelipwa na mtu ambaye hawajawahi kumwona. Kuna Wakenya waliosafirishwa kwa ahadi za namna hiyo wakaishia kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni Myanmar. Pasipoti ikiwa haipo sandukuni, wachunguzi waambiwe siku hiyo hiyo.

Chumba chake kisipangwe wala kisifagiliwe. Kompyuta aliyoiacha isijaribiwe nywila moja baada ya nyingine, maana akaunti hujifunga baada ya majaribio machache. Ikiwa imefunguka tayari na akaunti yake ya Google imo, huduma ya kutafuta simu iliyopotea inaweza kuonyesha simu ilipoonekana mwisho. Pigeni picha ukurasa huo pamoja na saa, msibonyeze kitu kingine. Usiiwashe kengele ya simu wala kuifuta kwa mbali. Mswaki na kitana chake vitieni kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hubaki na unyevu, na unyevu huharibu kile ambacho maabara ingekihitaji baadaye.

Simu yake

Acheni kumpigia kila mtu kwa zamu. Watu arobaini wakipiga usiku kucha, chaji iliyobaki inaisha, na simu iliyozimika ni shida zaidi kuifuatilia. Mtu mmoja achaguliwe. Awashe ripoti ya kufikishwa kwenye simu yake, kisha atume SMS moja ya kawaida. SMS hungoja kwenye mtandao kwa muda, na simu ikiwashwa ndani ya muda huo inaingia, nawe unapata saa kamili ambayo simu ilirudi hewani. Saa hiyo mpe mchunguzi.

SMS yenyewe iwe ya upole. "Mwanangu, tunakupenda, tuko tayari kukusikiliza, ya karo tutayaongea." Lawama zimewafanya vijana waliokuwa karibu kurudi wazime simu tena.

Tiki moja ya WhatsApp haina maana ya kifo. Simu imezimwa, bando limeisha, mtandao haupo, au amekuzuia. Kule Pate na visiwa vya Bajuni mtandao una mapengo, na mtu anaweza kukaa tiki moja siku nzima akiwa salama.

Rekodi za simu na M-Pesa hampewi nyinyi. Kampuni huzitoa kwa polisi wenye amri ya mahakama. Kazi yenu ni kumkumbusha mchunguzi kila baada ya siku chache kama amri imeombwa, na kumpa namba zote mapema ili aombe mara moja. Anayejitokeza kukuuzia "data ya laini" kwa mlango wa nyuma mara nyingi ni tapeli. Asipokuwa tapeli, kile atakachokuuzia kitaleta taabu siku kesi ikifika mahakamani.

Barabarani na baharini

Barabara ya Malindi, Garsen, Witu hadi Mokowe ina vizuizi vya usalama ambako abiria hukaguliwa vitambulisho, na mabasi huandika majina. Hiyo ni bahati ambayo watafutaji wa mikoa mingine hawana. Nenda afisi ya basi ya Malindi na ya Mokowe siku ile ile na ulize orodha ya abiria, kwa sababu karatasi zile hazikai. Kondakta wa safari hiyo atafutwe kwa jina, aonyeshwe picha ya mwili mzima. Tuktuk na bodaboda za Malindi zina vituo vyao, na kila kituo kina mwenyekiti. Mpe picha yeye, atawauliza wenziwe kikundini kwao.

Kamera za petroli, benki na maduka makubwa zinarekodi juu ya rekodi za zamani, nyingine baada ya wiki moja tu. Mwombe mwenye duka asiifute siku husika, na mchunguzi aje aichukue. Mkiangalia, linganisheni saa ya mashine na saa ya simu yenu, muandike tofauti. Mashine nyingi zimepotea dakika kumi, ishirini, hata saa nzima, na kwa sababu hiyo kijana anaonekana kupita mahali kabla ya kufika Malindi.

Amu ni mji wa kupita kwa miguu, na mgeni huonekana. Aliyeshuka gatini kutoka Mokowe ameonwa na mabaharia, wachukuzi, na wazee wa barazani pale Mkunguni. Anayekwenda Pate hupita mlango wa bahari uitwao Mkanda, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Kwa hiyo kabla ya kusema boti imechelewa au imezama, uliza maji yalijaa saa ngapi siku ile na boti iliondoka saa ngapi. Abiria hukwama saa nyingi kwa maji kupwa, bila mtandao. Wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita wageni ni wengi mno, watu hulala kwa jamaa wasiojulikana na wazazi, basi ulizeni nyumba za wenyeji kwanza.

Kama kuna shaka ya bahari, habari iende kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya bandari ya karibu na kwa walinzi wa pwani mara moja, ikiwa na mahali, saa na upepo. Wavuvi wanajua mkondo wa kusi unapeleka wapi kitu kilichoangukia Shela, na mkondo wa kaskazi unapeleka wapi. Wasikilizeni. Vijana wasiruhusiwe kuruka majini kutafuta wakati wa bamvua, maji yanapokimbia kwa nguvu. La sivyo mtakuwa na wawili wa kutafuta.

Hospitalini na mochari

Msiulize kwa jina peke yake. Aliyeletwa amezimia baada ya ajali ya bodaboda kuingia Malindi ameandikwa "hajulikani". Ulizeni hivi: "Kuna mwanamume wa miaka 20 hivi aliyeletwa bila jina tangu Jumapili?" Anzeni Malindi, kisha hospitali ya kaunti Kilifi, kisha Coast General kule Mombasa, ambako wagonjwa mahututi hupelekwa. Upande wa Lamu ni King Fahd, Mpeketoni na Faza. Kama ana maradhi ya akili, hospitali ya Port Reitz, Mombasa, iwe kwenye orodha. Ingieni kasualti na wadi, msiishie dirisha la mapokezi. Kisha rudini baada ya siku tatu, maana wagonjwa huhamishwa.

Mochari aende mtu mzima asiye mzazi, na aende na namba ya OB. Aombe kitabu cha maiti zisizojulikana. Mwenye kitambulisho cha taifa ana alama za vidole serikalini, na polisi wanaweza kulinganisha. Asiye na kitambulisho, njia ni DNA ya mzazi au ndugu wa damu. Kwa hilo pwani yetu ina kumbukumbu nzito: miili ya waliokufa katika msitu wa Shakahola ilianza kufukuliwa Aprili 2023, zaidi ya 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao mochari ya Malindi Machi 2024. Anayetoa sampuli ajiandae kungoja, na abaki na namba ya sampuli na jina la aliyeichukua. Hospitali hutangaza maiti zisizodaiwa kabla ya kuomba ruhusa ya kuzizika, basi matangazo hayo myasome kila yanapotoka.

Mkisikia alichukuliwa na watu kwenye gari, andikeni rangi, aina, namba hata nusu yake, na majina ya walioona. Ulizeni vituo vyote, siyo kimoja. Kama hakuna kituo kinachokiri kumshika, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu, na Malindi ipo, kuomba amri ya kumleta mtu mbele ya mahakama. Haki ya amri hiyo iko kwenye kifungu cha 25 kati ya zile zisizowekewa mipaka. Mashirika ya haki za binadamu ya HAKI Africa na MUHURI yamesaidia familia nyingi za pwani kwa kesi za namna hii. Waendeeni siku ya kwanza au ya pili, msingoje mwezi.

Makundi ya WhatsApp na Facebook

Kundi linaweza kumpata mtu kwa usiku mmoja, na linaweza kumzika akiwa hai. Tofauti ni nani anashika usukani.

Tangazo liwe moja, kwenye ukurasa mmoja wa familia, na wengine wasambaze kiungo, wasipige picha ya skrini. Picha ya skrini haisasishwi. Ndiyo maana hadi leo unapokea tangazo la kijana aliyerudi nyumbani zamani. Tarehe iandikwe na mwaka wake. Weka jina, umri, picha mbili, mahali alipoonekana kwa macho, nguo, namba ya OB na kituo, na simu mbili za mitandao tofauti ambazo si za mama mzazi. Usiweke namba ya kitambulisho, jina la mtaa wa nyumbani, wala kiasi cha zawadi. Alama moja ya mwili isitajwe popote. Hiyo ni ya kuwapima wapiga simu.

Na watapiga. "Kijana wenu yuko hapa Gongoni, tuma elfu tatu za mafuta." "Amelazwa, bili ni elfu nane." Muulize kovu liko wapi. Omba uongee naye, umuulize jina alilokuwa akiitwa na bibi yake. Picha peke yake haitoshi, siku hizi picha hutengenezwa. Usitume hata shilingi, na namba hiyo mpe mchunguzi badala ya kuitukana. Mpigaji wa kweli hatakasirika ukimwuliza.

Anayesema amemwona, ajibu maswali manne: wapi hasa, saa ngapi, alivaa nini, alikuwa na nani. Majibu yaende kwa mtu mmoja mwenye daftari, yasibandikwe kundini. Shahidi wa pili akisoma ya kwanza, atakumbuka shati la bluu hata kama hakuliona.

La kuogopa zaidi ni kisa kukamilishwa na watu wasiojua kitu. Machi 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, Marekani, alitoweka akiwa ameacha simu na pochi chumbani. Familia ikafungua ukurasa wa Facebook kumtafuta. Aprili 15 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni Boston, na FBI ilipotoa picha za washukiwa Aprili 18, watu wa mitandao ya Reddit na Twitter wakaanza kumfananisha kijana huyo na mmoja wao. Usiku mmoja tu, kijana aliyepotea akawa gaidi midomoni mwa maelfu. Familia ikalazimika kuufunga ukurasa kwa matusi, maana yake chombo chao cha kumtafuta kikafa. Washukiwa halisi walikuwa wengine kabisa. Aprili 23 mwili wake ulipatikana mtoni Providence. Reddit iliomba radhi, lakini familia ilikuwa imeshapitia hayo ikiwa katika majonzi.

Kwetu neno linalofanya kazi hiyo ni Al-Shabaab. Kijana wa Amu au Malindi akikosekana siku tatu tu, kuna atakayeandika amevuka Somalia. Neno hilo likishika, walioona hunyamaza, jirani hujitenga, na mzazi huogopa kwenda kituoni. Msimamizi wa kundi alifute papo hapo, pamoja na habari za unga, mimba na majini. Kama familia ina dalili ya kweli, iende kwa wachunguzi ikiwa na wakili au shirika la haki, na isijadiliwe mbele ya watu mia mbili na hamsini.

Nje ya simu, tangazo lisomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na kwenye redio za mtaani na Pwani FM. Wazee wengi wa bara na visiwani hawana WhatsApp, na wao ndio hukaa kibarazani wakaona nani kapita. Msalaba Mwekundu wana 1199, huduma ya bure, na hutafuta jamaa waliotengana. Watawasaidia pia wazazi wasiolala.

Akipatikana

Mwenye miaka 18 ni mtu mzima. Polisi wakimpata salama na asitake kurudi, wanaweza kuwaambia yu hai bila kuwaambia aliko. Inauma, lakini tayari mmepata mlichokuwa mkiomba usiku kucha. Mtumieni ujumbe kupitia kwao, mwachieni mlango wazi.

Akirudi, asipigwe picha getini. Apelekwe hospitali kwanza, hasa akiwa amekonda, ana michubuko au hasemi. Aliyedhulumiwa kingono afike ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia HIV zimfae, na asioge wala kufua nguo alizokuja nazo. Maswali ya kwa nini yangoje. Kaka au shangazi anayemwamini akae naye siku za mwanzo.

Siku hiyo hiyo, OB zifungwe katika vituo vyote viwili, la sivyo atazuiliwa kwenye kizuizi cha barabarani cha Minjila, karibu na Garsen, kama mtu anayetafutwa. Tangazo la asili lihaririwe liseme "amepatikana, asanteni", likae hivyo wiki mbili ili viungo vyote viishie hapo, kisha lifutwe na picha zake ziondolewe. Kundi lifungwe, daftari na namba za matapeli zibaki kwa mchunguzi. Na chuoni aende mtu mzima mmoja, akiwa na barua ya hospitali au ya polisi, aombe kijana aahirishiwe muhula kabla tarehe ya mitihani haijapita.